Imeonjwa, Safi

Maduka mengi ya Mbeya na Iringa yaliujua mwandiko wa Zubery Muhidini kabla ya kuijua sura yake. Ulikuwa mwandiko wa kulala kidogo, herufi zimeshikana kama watoto wanaovuka barabara, na chini yake sahihi yenye mkia mrefu. Mzigo ukishavuka mpaka pale Tunduma, ukaletwa Mbeya na kukatwa lakiri, ulikuwa hauendi popote mpaka mwandiko ule uwe umekaa kwenye karatasi.

Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyepanda kutoka Kilwa, akaoa Iringa, akazikwa Iringa. Zubery alisoma mpaka darasa la nane, akaajiriwa Mbeya na wakala mmoja wa forodha. Kazi hiyo, kwa asiyeijua, ni kusindikiza mzigo kwa karatasi. Kuna leseni ya kuagiza, kuna ankara ya aliyeuza, kuna orodha ya magunia, kuna fomu ya kuingizia mali nchini yenye nakala tano, na mwisho kuna hati ya kutolea. Ikikosekana moja, mzigo unalala. Zubery alizipanga kwa mfuatano, akazitoboa pembeni, akazifunga kwa uzi mweupe, na mkewe Mwanakhamisi alizoea kumtania kuwa hata vitunguu anavipanga kwa tarehe.

Alikuwa mtu wa swala tano, mpole, mwembamba, wa kusalimia kila mtu njiani hata akachelewa aendako. Miaka kumi na tisa alifanya kazi ile bila mtu kumnyooshea kidole. Nayasema haya mwanzoni ili ajulikane alikuwa mtu wa namna gani kabla ya Jumatano ile.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, mwezi wa Ramadhani, na sukari ilikuwa imeadimika. Watu walikuwa wanalamba chembe kidogo kiganjani ndipo wanapiga funda la chai, ili kijiko kimoja kitoshe watatu. Waliofunga walikuwa wanafuturu kwa uji wa chumvi. Serikali iliagiza sukari nje kwa fedha za kigeni, na magari yaliyokuwa yakiileta kupitia Tunduma yalikuwa yakitazamwa na watu barabarani kama yamebeba bibi harusi.

Sasa, sheria ya forodha haisemi kwamba karani aonje sukari. Hiyo ilikuwa sheria ya ghala lao wenyewe. Miaka ya nyuma ilikuja sukari iliyokuwa imelala na mafuta ya taa, ikafika mpaka Makongolosi, ikarudishwa na wachimba dhahabu pamoja na matusi ya kutosha gari lingine. Tangu hapo ikawa kila magunia kumi, moja linachomwa kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoka na punje kutoka tumboni mwa gunia. Karani anazitazama, anazinusa, anazionja, ndipo anaandika kwenye hati ya kutolea maneno mawili: Imeonjwa, safi. Afisa wa forodha akiyaona maneno hayo na ule mkia mrefu, anagonga muhuri. Duka la Iringa likiyaona, linafungua gunia bila kuuliza.

Katika Ramadhani, ulimi ulikuwa wa Eliezeri. Huyu alikuwa karani mwenzake, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwimbaji wa kwaya mwenye kifua kama pipa. Eliezeri alionja, Zubery akaandika. Na Krismasi Zubery alishika zamu zote mbili ili mwenzake akaimbe.

"Mwezi wako huu ndio mimi nanenepa," Eliezeri alizoea kusema, akiramba kidole. "Mungu wako akiuliza, mwambie tuligawana."

Lakini Jumatatu ya wiki ile Eliezeri alikwenda Tukuyu kumzika mama mkwe wake. Na Jumatano, saa moja asubuhi, lori likaingia na magunia mia moja na arobaini.

Mkuu wa ghala, Bartolomeo, alitoka ofisini hata kofia hajavaa.

"Zubery! Sabini yashuke humu, sabini yahamie moja kwa moja kwenye gari la Iringa. Gari limeshawashwa hilo. Wenzako wa Mlandege kule Iringa wamepanga foleni tangu alfajiri."

"Naangalia kwanza, mzee."

"Angalia, lakini angalia kwa miguu ya kukimbia."

Lakiri ilikuwa nzima. Namba zilikubaliana na karatasi. Magunia ya juu yalishuka kwanza, yakaingia ghalani, na Zubery aliyachoma kwa bambo, moja katika kila kumi. Sukari ilitoka nyeupe, kavu, inameta. Alinusa. Kuonja, hakuonja. Akajisemea kwamba hayo yanabaki humu humu, Eliezeri akirudi ataonja.

Kisha wakafika kwenye magunia ya chini, yale yaliyokalia sakafu ya lori. Hayo ndiyo yalikuwa ya Iringa. Zubery alichoma la kwanza, akapokea punje kiganjani. Zilikuwa nyeupe vile vile. Alipozipeleka puani akasikia harufu ya mbali, kali, kama inayotoka nyumba ya pili. Akalitazama lile lori, na lori gani halinuki dizeli? Alisimama na zile punje kiganjani kwa muda ambao baadaye alikuja kuupima mara nyingi, na kila alipoupima aliuona mrefu zaidi.

Angeweza kumwita kuli mmoja aonje. Lakini Bartolomeo alikuwa amewapiga marufuku makuli kugusa sukari kwa ulimi, kwa maelezo kwamba kuonja kwa kuli hakuna mwisho. Angeweza kungoja. Lakini gari la Iringa lilikuwa linanguruma, na Bartolomeo anatazama saa. Na saumu yake ilikuwa ya siku ya kumi na mbili, hajaivunja hata moja, na roho yake ilimwambia asiipoteze kwa ajili ya punje tatu za sukari. Akakung'uta kiganja, akatoa kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: Imeonjwa, safi.

Saa tatu asubuhi gari la Iringa likaondoka.

Saa nane mchana alikuwa anafunga mafaili, akasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Damari, bibi wa kufagia uwanja. Kwa desturi ya pale, sukari iliyomwagika chini ilikuwa haki yake. Aliifagia, akaichekecha mchanga, akaenda nayo kwa wajukuu.

"Ugonile, tata," Damari alimsalimu Kinyakyusa. "Bwana karani, hebu njoo uone jambo."

"Jambo gani, bibi? Nina kazi."

"Njoo tu. Halibebeki."

Alimpeleka pale liliposimama lile lori la Tunduma. Kwenye kipande cha gunia alikuwa amekusanya sukari kama vibaba viwili. Kuizunguka, na juu yake, na pembeni kwenye vumbi, walilala nyuki. Hawakuwa wawili watatu. Walikuwa wamelala kama maharage yaliyomwagwa. Mmoja alikuwa bado anazunguka kwa mgongo, miguu juu. Wakamtazama mpaka akatulia.

"Nyuki wa uwanja huu ni wenzangu," alisema Damari. "Kila sukari ikishuka tunagombana, mimi na ufagio wangu, wao na miiba yao. Leo nilipoona hawanigombezi nikasema, Damari, kuna neno."

Zubery ulimi ulikauka zaidi ya ulivyokaushwa na saumu. "Bibi, umeonja?"

"Mie? Ah. Mie mzee lakini sina haraka. Nilikuwa nawaacha wao waonje kwanza."

Zubery alirudi ofisini karibu akimbie. Akalifungua faili la lori lile, akafungua na ule uzi mweupe, akapekua. Nyuma ya karatasi zote, imenaswa na pini ya karatasi nyingine, aliikuta moja isiyokuwa yake. Ilikuwa hati ya dereva ya safari iliyotangulia, wiki moja kabla, imekuja na zile nyingine kwa bahati mbaya. Ilisema lori lilibeba dawa ya kunyunyizia mikahawa, madebe arobaini. Chini, kwa kalamu ya risasi: matatu yamevuja.

Akaenda na karatasi hiyo kwa Bartolomeo.

Bartolomeo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto tisa, na miaka ile watu walikuwa wanaogopa vivuli vyao. Aliisoma ile karatasi polepole, akaigeuza nyuma kana kwamba upande wa pili utaikanusha.

"Nyuki hufa kila siku," alisema mwishowe.

"Mzee, tupige simu Iringa. Au polisi wa Makambako walisimamishe gari, labda halijapita."

"Ngoja. Uliyaonja magunia?"

"Sikuyaonja."

"Uliandika nini?"

"Niliandika nimeyaonja."

"Basi umeyaonja."

Zubery alimtazama asimwelewe.

"Kaa chini, bwana," Bartolomeo alisema kwa sauti ya chini. "Ukipiga simu hiyo, utasema nini? Utasema umetia sahihi uongo kwenye sukari ya serikali, iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni, katika mwezi wa njaa ya sukari. Wajua wataliitaje? Hawataliita kosa. Wataliita hujuma. Utakwenda ndani wewe, nitakufuata mimi, na Eliezeri watamtoa msibani. Labda hata hakuna kitu. Labda ni gunia moja tu lililolowa. Wewe umeshuhudia mtu akifa?"

"Bado."

"Basi."

Simu ya ofisi ilikuwa na kufuli dogo kwenye kizungusho, ili watumishi wasiitumie ovyo. Bartolomeo alilibana, akatia ufunguo mfuko wa shati. "Nenda kasali alasiri yako. Kesho tutaongea kwa akili tulivu."

Zubery alitoka. Jua la mwezi wa tisa lilikuwa limesimama juu ya Mbeya na vumbi halishuki. Alihesabu moyoni. Gari lenye mzigo litafika Iringa kama saa tisa, saa tisa na nusu. Foleni ipo tayari. Saa kumi na mbili na nusu ni magharibi, na nyumba zote za Mlandege zilizofunga zitaanza na uji. Uji wa kwanza wenye sukari tangu mwezi uandame. Watoto watapewa kwanza, maana watoto ndio wanaolilia utamu.

Akashika njia ya posta.

Siku hizo simu ya mbali ilikuwa ni kuomba. Unaandika namba kwenye kikaratasi, unampa binti wa dirishani, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe. Zubery alikaa. Mbele yake palikuwa na mtu wa mpunga kutoka Usangu na mzee mmoja anayetaka kumpigia mwanawe Dodoma.

"Dada yangu," alimwendea binti, "ni jambo la watu kufa."

"Kila mtu hapa ni jambo la watu kufa," alijibu yule binti, wala hakuinua macho. "Laini ya Iringa ina watu. Kaa, baba."

Saa ya ukutani ilikuwa inakata dakika kwa sauti. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Alijaribu kusoma tasbihi kwa vidole, akajikuta anahesabu magunia. Ilipofika saa kumi na dakika kumi ndipo akaitwa kwenye kibanda, akashika mkono wa simu, na upande wa pili ikatoka sauti ya mwanamke yenye haraka, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Duka la ushirika, Mlandege. Rozalia hapa, katibu. Sema upesi."

"Mama Rozalia, sukari iliyotoka Mbeya leo imefika?"

"Imefika na tunagawa. Kilo moja kila nyumba. Wewe nani?"

"Acheni kugawa. Simamisheni sasa hivi. Ina sumu."

Rozalia akacheka kicheko kisicho na furaha. "Haya, wa tatu huyo! Wa kwanza kapiga simu tusigawe mpaka gari la mkubwa fulani lije. Wa pili kasema hesabu zina makosa, tufunge mpaka kesho. Wewe umekuja na sumu. Hongera, umewapita wenzako. Watu hawa wamesimama juani tangu alfajiri, bwana, na mimi siwafungii mlango ili nyie mle kwa mlango wa nyuma."

"Mama, nisikilize. Hati ya kutolea unayo hapo?"

"Ninayo mkononi."

"Soma chini. Imeandikwaje?"

"Imeonjwa, safi. Na sahihi."

"Sahihi ina mkia mrefu unaopita mstari. Zubery Muhidini. Ndiye mimi. Mama, sikuonja. Nilifunga, nikaogopa kuvunja saumu, nikaandika nimeonja. Lori lilikuwa limebeba dawa ya kahawa. Nyuki wamekufa uwanjani. Nakwambia jina langu lote ili ukamwambie polisi, lakini kwanza funga mlango."

Zubery alimsikia akiweka mkono wa simu juu ya meza. Alisikia kelele za foleni, akasikia mtu anaita, kisha sauti ya Rozalia ikarudi, na sasa ilikuwa sauti nyingine kabisa.

"Mpimaji wetu," alisema. "Alikuwa analamba kidole kila akifunga mfuko. Nilidhani ni jua. Yuko nyuma ya duka anatapika, na macho yake hayatulii."

"Mpelekeni hospitali. Mmegawa nyumba ngapi?"

Akasikia kurasa zikipinduliwa. "Sitini na moja."

"Majina yapo?"

"Yapo daftarini, yote."

"Basi piteni nyumba kwa nyumba. Kabla ya magharibi, mama. Kabla ya magharibi."

Simu ikakatika. Hakujua kama dakika zake ziliisha au Rozalia alishatoka mbio.

Nyumbani alimkuta Mwanakhamisi anasonga uji wa chumvi. Alimwambia yote akiwa amesimama. Mwanakhamisi alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akasema jambo ambalo Zubery alilibeba maisha yake yote.

"Baba Zainabu, kwa nini hukuniuliza? Mie naonja chumvi ya futari kila siku ya Mungu. Naweka ncha ya ulimi, natema, nasukutua, saumu yangu ipo pale pale. Mwanamke yeyote anayepika angekwambia."

Hakulisema kwa kumsuta. Alilisema kwa huruma, na ndiyo maana liliingia ndani zaidi. Adhana ilipotoka, Zubery alifungua kwa funda la maji, asiweze kumeza kingine.

Polisi walikuja Alhamisi asubuhi. Waliandika maelezo yake, wakashangaa kwamba hakubisha hata neno, wakamwambia aripoti Jumatatu na asitoke mkoani. Ghala lilifungwa lakiri. Mpimaji wa Mlandege alikuwa hai, lakini hajui jina lake. Ijumaa, baada ya swala, ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Rozalia: SITINI ZIMERUDI. MOJA BADO. NGWASHI WA MADIBIRA. ALIPANDA BASI.

Madibira ni mkoa wa Mbeya, kwa hiyo hapo hakuvunja amri ya polisi. Jumamosi alishuka kwenye bonde la Usangu kwa gari la mpunga, kisha akatembea, akiulizia mji wa Wasukuma wenye mwanamke aliyekwenda Iringa wiki ile. Wasukuma walikuwa wametapakaa bondeni na ng'ombe wao, na kila aliyeulizwa alinyoosha mkono mbali zaidi. Alikuwa msafiri, angeweza kula. Hakula. Alipoukaribia mji wenyewe, akakaza macho kutafuta watu waliokaa kimya uani. Kulikuwa na moshi wa kawaida, na watoto wanakimbizana na ndama.

Ng'washi alikuwa mwanamke mrefu, kijana, mwenye shanga shingoni. Alikuwa amekwenda Iringa kumpeleka mtoto hospitali, na alipoona foleni akaiunga. Zubery alipomweleza, aliingia ndani bila neno akatoka na kopo.

"Hatujaila," alisema. "Baba mkwe yuko machungani, tulikuwa tunamngoja aanze yeye. Sisi hatuonji kitu kigeni mkubwa hayupo."

"Alhamdulillahi," Zubery alisema. Alipokea kopo. Kisha akalipima mkononi. "Dada, hii siyo kilo."

"Nusu nilimgawia mama wa kwenye basi. Tulikaa kiti kimoja. Alisema mumewe mgonjwa, hakipiti kitu kooni ila uji, na uji hautaki kwa kuwa hauna utamu. Nikamhurumia."

"Alishukia wapi?"

"Mafinga. Alisema mumewe ni mpasua mbao, wanakaa kambini msituni."

Mafinga ni mkoa wa Iringa. Zubery alisimama kidogo kwenye uwanja wa ng'ombe, akiwaza amri ya polisi, kisha akaenda.

Alifika kambi ya wapasua mbao Jumapili asubuhi, ukungu bado umelala kwenye misonobari. Misumeno ilikuwa kimya kwa kuwa ni siku ya ibada, na ukimya ule haukumpendeza. Alimkuta mwanamume mmoja njiani, wakasalimiana. "Kamwene." "Kamwene." Akamwuliza habari za mpasua mbao aliyekuwa mgonjwa.

"Baba Tadeo? Umechelewa, bwana. Alifariki usiku wa kuamkia jana, tumezika jana jioni. Leo wanaanua matanga mapema, watu wana safari. Nyumba ile yenye moto nje."

Zubery alitembea kuuendea ule moto. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya magogo, wamejifunika makoti. Wanawake walikuwa upande wa pili, na katikati, juu ya mafiga matatu, sufuria kubwa la chai ya kuagia wageni lilikuwa linachemka. Mwanamke aliyefunga kitambaa cheupe kichwani alikuwa anafungua fundo la kanga. Aliifungua taratibu, kwa fahari ndogo ya mtu aliyeficha kitu kizuri kwa ajili ya wageni wake, na watu walinyoosha shingo kutazama.

"Usitie!" Zubery alipiga ukelele. "Mama, kwa jina la Mungu, usitie!"

Watu wote wakageuka. Wanaume wawili wakasimama. Zubery alipita katikati yao, akaweka viganja vyake viwili juu ya sufuria, mvuke ukamwunguza, asiviondoe.

"Una wazimu?" alifoka mmoja. "Hapa msibani!"

"Sukari hiyo ina sumu. Ilitoka Mlandege, alikupa Msukuma mmoja kwenye basi, siyo mama? Mimi ndiye niliyeiruhusu."

Yule mwanamke, Mama Tadeo, alibaki ameshika kanga yake. Alimtazama mgeni, akaitazama sukari. Watu walikuwa wameanza kurudi nyuma kutoka kwenye moto, mmoja mmoja, mama mmoja akimvuta mtoto. Ndipo Mama Tadeo akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani:

"Nilimtilia kwenye uji. Alhamisi kijiko kimoja, Ijumaa viwili. Alisema mke wangu, leo uji una utamu. Alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa sita, kifua, daktari alishakata tamaa. Alikuwa wa kufa." Akaiinua ile kanga. "Sasa wewe niambie. Ulikuwa ugonjwa, au ilikuwa hii?"

Zubery alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya faraja, kila Mwislamu anayo na kila Mkristo anayo, na yangempumzisha yule mama na yeye pia. Lakini maneno mawili ya uongo ndiyo yaliyokuwa yamemleta pale.

"Sijui, mama," alisema. "Wala sitajua. Kesho nakwenda polisi, nitawatajia na jina la mumeo."

Mama Tadeo alilifunga tena lile fundo, akalikaza, akampa. Kisha akageuka akainama, akaupangua moto chini ya sufuria ukuni kwa ukuni, mpaka chai ikaacha kuchemka. Hakuna aliyemwambia Zubery aondoke wala akae. Akakaa mwisho wa gogo, mikono imevimba, fundo la sukari mapajani, na watu walioketi gogo lile wakasogea mbali naye.